UMRI MREFU NI WA NANI?

Mtu akisikia kwamba mzee fulani ametimiza miaka mia, swali lake la kwanza ni lile lile siku zote: "Alikula nini?" Mmoja hujibu kuwa ni asali, mwingine kuwa ni mboga za majani, mwingine kuwa ni kutogombana na watu. Tangu zamani wanadamu wameitafuta siri ya kuishi siku nyingi, na siku hizi swali hilo limetoka barazani likaingia katika maabara ya wataalamu, ambao huwachunguza wanyama wenye umri wa ajabu ili wajue jinsi miili yao inavyouahirisha uzee. Ni kazi njema, nasi twaisifu. Lakini leo twapenda kuuliza pamoja na wasomaji wetu swali la pili, ambalo maabara peke yake haiwezi kulijibu. Umri mrefu ni wa nani? Je, ni mali ya yule anayeishi tu, aitumie apendavyo mpaka iishe? Au wako wengine waliomchangia, na wengine tena wenye haki ya kufaidi?

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kuanza. Katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Hapo, katikati ya maji na matope, ndipo ilipo Kiongoroni pamoja na vijiji vingine vya delta. Msitu wa mikoko umefunika hekta 50,000 na zaidi. Watu hulima mpunga, huvua kamba na samaki, na mtumbwi kwao ni kama baiskeli kwa mtu wa bara. Nje ya midomo ya mto, kuelekea kisiwa cha Mafia na kusini hata Kilwa, mahali maji yasipokuwa na kina kirefu, yameota majani ya baharini kama malisho ya ng'ombe. Hayo ndiyo malisho ya nguva. Katika pwani yote ya Tanzania bara, hapo ndipo mnyama huyo angali akionekana kuliko pengine, ijapokuwa hata hapo amekuwa haba sana.

Nguva si samaki. Damu yake ni ya moto, huvuta hewa kwa mapafu, na humnyonyesha mwanawe kwa maziwa. Katika ukoo wa wanyama, jamaa yake wa karibu ni tembo, wala si nyangumi. Naye ana meno marefu mawili, na ndani ya meno hayo umeandikwa umri wake. Kila mwaka tabaka moja jipya huongezeka ndani ya jino, kama duara zinavyoongezeka ndani ya shina la mti. Mtaalamu akilipasua jino la nguva aliyekufa, huzihesabu tabaka hizo, akaijua miaka yake. Kwa njia hiyo huko Australia, ambako Profesa Helene Marsh na wenzake wamemchunguza nguva kwa miaka mingi, mmoja alikadiriwa kuwa na miaka 73. Ng'ombe zizini akifika miaka 20 twasema amezeeka mno. Na huyu mla majani wa baharini aweza kufikia umri wa babu zetu.

Kwa nini kiumbe mmoja apewe miaka miwili au mitatu, kama panya, na mwingine miaka sabini? Jibu ambalo wenye elimu ya viumbe wamelijenga kidogo kidogo ni la maana sana kwa swali letu. Peter Medawar wa Uingereza aliweka msingi wake mwaka 1952, George Williams wa Marekani akaongeza jiwe lake mwaka 1957, na Thomas Kirkwood wa Uingereza akaongeza lingine mwaka 1977. Tutalieleza kwa mfano wa mashua.

Mwenye mashua hupata fedha kidogo kila msimu. Fedha hizo aweza kuzitumia kwa kuitengeneza mashua, yaani kuikalafati mapengo, kubadili ubao uliooza na kuipaka mafuta; ama aweza kuzitumia kwa kuunda mashua nyingine mpya. Ikiwa bahari yake ni mbaya, na ajua kwamba mashua itavunjika mwambani kabla ya miaka miwili, kuikalafati kila mwezi ni hasara. Heri aunde nyingine upesi. Lakini ikiwa bandari yake ni salama, mashua ile ile yaweza kumtumikia miaka mingi, na ubao mmoja mpya wa leo utamlipa kesho. Ndivyo ulivyo mwili. Panya huwindwa na paka, na bundi, na nyoka. Mara chache afe kwa uzee. Basi nguvu yake yote huingia katika kuzaa upesi na kuzaa wengi, na ukarabati wa mwili huachwa. Mnyama ambaye hatari za nje zimepungua kwake, kizazi baada ya kizazi, mwili wake hujifunza kujitengeneza vema, na kuzaa polepole.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika kisiwa cha Sapelo, pwani ya Marekani. Huko wako wanyama wadogo waitwao oposamu, ambao hubeba watoto wao mfukoni. Wale wa bara huliwa sana na wanyama wakali. Wale wa kisiwani walikuwa wamekaa maelfu ya miaka bila adui wengi. Mtaalamu Steven Austad aliwalinganisha, na mwaka 1993 akatangaza alichokiona: oposamu wa kisiwani walizeeka polepole zaidi, wakaishi zaidi, na wakazaa watoto wachache kwa uzao mmoja kuliko ndugu zao wa bara. Damu yao ni moja. Walichotofautiana ni kwamba hawa waliachwa waishi.

Na mifano ni mingi. Popo ni mdogo kama panya, lakini mabawa humwepusha na adui wengi, na aghalabu huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Huko Siberia, popo mmoja mwenye uzito wa gramu 7 hivi alitiwa alama, akaachwa aende zake, akakamatwa tena baada ya miaka 41, angali hai. Nyangumi wa bahari za barafu, ambaye kwa ukubwa wake ana adui wachache, amekadiriwa kupita miaka 200. Mwaka 2007 wavuvi wa Alaska walimwua mmoja, wakakuta mwilini mwake kipande cha chuma cha silaha iliyotengenezwa karne ya 19. Alikuwa amekibeba kipande hicho zaidi ya miaka mia moja.

Hapa kwetu Afrika Mashariki yuko mwingine wa kushangaza zaidi. Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, chini ya ardhi, anaishi fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi ya makunyanzi na meno yaliyotokeza nje. Uzito wake haupiti sana ule wa panya wa nyumbani, naye huishi miaka zaidi ya 30. Mashimo yake magumu humficha na adui. Huishi kwa jamaa kubwa kama nyuki: malkia mmoja ndiye azaaye, na wengine wote humchimbia, humletea chakula, huwalea watoto wake, na hulinda mlango.

Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, Mwingereza aliyeshughulika na hesabu za bima, alionyesha kuwa hatari ya kufa huzidi kuongezeka kadiri mtu mzima anavyoongeza miaka. Sheria hiyo imeonekana kweli kwa wanyama wengi. Lakini hesabu za fuko zaidi ya 3,000, zilizotangazwa mwaka 2018 na Bibi Rochelle Buffenstein na wenzake, hazikuiona kwa fuko huyu: hatari yake ya kufa haikuongezeka kwa umri kama ilivyo kwetu. Kansa kwake ni nadra sana. Wengine wamegundua, mwaka 2013, kuwa katikati ya seli zake kuna uteute mzito kuliko wetu, unaosaidia kuzizuia seli zisisongamane na kukua ovyo.

Na tembo je? Mwili mkubwa una seli nyingi sana, na kila seli yaweza kuharibika siku moja ikawa chanzo cha kansa. Kwa hesabu hiyo tembo angalifaa kufa kwa kansa mara nyingi kuliko mtu. Richard Peto wa Uingereza alilionyesha fumbo hili mwaka 1977. Mwaka 2015 sehemu ya jibu ikapatikana: katika maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, mwanadamu ana aina moja ya jeni ya mlinzi, ambayo huiamuru seli iliyoharibika ijitengeneze au ife, tembo ana nakala 20 za jeni hiyo. Seli ya tembo ikiharibika, hufa upesi kabla ya kuleta madhara kwa mwili wote. Kwa hiyo tembo hufika miaka 60 au 70, mpaka magego yake ya mwisho yaishe kwa kutafuna, kwa kuwa amepewa seti sita tu maishani.

Basi tukusanye tuliyoyasema. Umri mrefu una mizizi miwili. Mzizi wa kwanza umo mwilini: ni ukarabati, ni ulinzi, ni seli zinazokubali kufa kwa faida ya mwili mzima. Mzizi wa pili uko nje ya mwili: ni kuachwa kuishi. Na mzizi wa pili ndio uliouzaa wa kwanza. Hakuna mnyama aliyejipatia umri mrefu kwa ushujaa wake peke yake huku akiwindwa kila siku. Kila mwenye miaka mingi, nyuma yake pana vizazi vingi ambavyo mauti ilivipita kando.

Hapo ndipo neno la haki linapoanza kuingia. Maana mwili uliojengwa kwa ajili ya siku nyingi haukujengwa kwa ajili ya wavu, wala bunduki. Nguva jike huanza kuzaa akiwa na miaka kati ya 6 na 17. Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja. Huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha hata mwaka na nusu, na kati ya uzao mmoja na mwingine hupita miaka kati ya 3 na 7. Wenye kupiga hesabu wasema kwamba hata mambo yote yakienda vema, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kupita kama 5 katika 100 kwa mwaka. Ukiwa na kundi la nguva 100, na kila mwaka majike wachache tu wakazama wavuni, kundi linapungua, ingawa kwa macho yako umewaona waliokufa ni wachache. Mnyama huyu ameweka akiba yake yote katika miaka mingi. Ukimkatia miaka, umemnyang'anya vyote.

Jamaa yake mmoja amekwisha kutuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1741 mtaalamu Georg Steller, aliyevunjikiwa merikebu pamoja na mabaharia wa Urusi katika bahari ya baridi ya kaskazini, alimkuta nguva mkubwa sana, mpole, asiyejua kukimbia. Habari zake zilienea kwa wawindaji waliopita kule wakitafuta ngozi, wakamfanya kuwa chakula chao cha safari. Kufika mwaka 1768, miaka 27 tu, alikuwa amekwisha kabisa. Muda wa uhai wa nguva mmoja haujatimia nusu, na ukoo mzima umetoweka duniani.

Nasi tusiwatazame Warusi wale kwa dharau. Juu ya mto huo huo wa Rufiji, katika pori la Selous, tembo walihesabiwa kuwa 109,000 hivi mwaka 1976. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki 13,000 hivi, ijapokuwa katikati walipata kuongezeka baada ya biashara ya pembe kukatazwa duniani mwaka 1989. Sehemu kubwa ya pori hilo imefanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Nakala 20 za jeni ya mlinzi zimemkinga tembo na kansa. Hakuna hata moja iliyoweza kumkinga na risasi.

Sasa turudi delta, maana tusingependa kuhukumu watu kutoka mbali. Mvuvi wa Kiongoroni hatoki nyumbani kwake kumtafuta nguva. Hutega jarife apate papa na taa. Nguva hupita usiku akienda malishoni, hunaswa, na kwa kuwa lazima apande juu kuvuta hewa kila baada ya dakika chache, huzama kama ambavyo mtu angezama. Asubuhi mvuvi akivuta wavu wake, humkuta mnyama wa kilo 300 hivi. Wavu umechanika. Nyumbani watoto wanangoja. Mtu huyu akituuliza, "Mimi nimtupe mnyama aliyekwisha kufa, ambaye nyama yake yatosha kijiji, kwa sababu ninyi mmesoma kwamba angeishi miaka 70?" tutamjibu nini?

Kwanza tutamjibu kwamba swali lake ni la haki, na kwamba mtoto mwenye njaa leo hapimwi katika mizani moja na mnyama. Mwanadamu ana daraja yake, na asiyeijua daraja hiyo huishia kumpenda mnyama na kumwacha jirani. Lakini tutamwomba atazame pia hesabu. Nyama ya siku moja imelipwa kwa uzao wa miaka 40. Mwana wake mwenyewe, atakapokuwa mvuvi, hataona nguva, wala hatajua kwamba palikuwa na kitu cha kuona. Kula mbegu si dhambi siku ya njaa kuu. Lakini kijiji kilichozoea kula mbegu kila mwaka kimejifanya maskini kwa mikono yake. Wavu usitegwe juu ya malisho yanayojulikana. Uangaliwe mara kwa mara. Aliyenaswa angali hai aachiliwe. Haya ni mambo ambayo mvuvi ayaweza, na sheria za uvuvi za nchi yetu zimekwisha kumkinga nguva.

Pili, na neno hili twalielekeza kwetu sote tulio mbali na delta, hatuna haki ya kumwagiza mtu maskini kuwa mwema kwa gharama yake peke yake. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhi oevu zenye maana kwa dunia nzima. Ikiwa dunia nzima hufaidi, kwa nini gharama iwe ya mwenye mtumbwi mmoja? Kamba wanaoliwa katika hoteli na nyumba za mjini, wengi hutoka delta hiyo hiyo. Anayemwomba mvuvi ahamishe wavu wake yampasa kusaidia kumpatia wavu mwingine, mahali pengine pa kuvua, na bei ya haki. Kumsihi tu ni kumtwisha mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole.

Lakini bado hatujalijibu swali letu zima. Tumeona kwamba wengine huchangia umri mrefu kwa kumwacha mtu, au mnyama, aishi. Je, umri huo ukiisha kupatikana, hufaa nini? Miaka ya mwisho, wakati nguvu zimepungua na kuzaa kumekoma, ni ya nini?

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Tarangire. Katika miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 wa tembo waliochunguzwa walikufa, ambapo mwaka wa kawaida hufa 2 tu katika 100. Charles Foley na wenzake walitazama ni makundi gani yaliyopoteza watoto. Makundi yaliyoongozwa na majike wazee yaliondoka hifadhini yakaenda kutafuta maji na majani mahali pengine, na watoto wao wengi walipona. Kundi lililobaki lilikuwa limepoteza majike wazee kwa majangili miaka ya nyuma. Wataalamu walifikiri kwamba wale wazee waliukumbuka ukame mkali wa miaka ya 1958 hata 1961, wakajua pa kwenda. Aliyempiga risasi bibi yao kwa ajili ya pembe mbili hakujua kwamba amewaua na wajukuu, ambao walikuwa hawajazaliwa.

Na kwa wanadamu mambo ni wazi zaidi. Mwanamke huacha kuzaa akiwa na miaka 45 au 50, na baada ya hapo aweza kuishi miaka mingine 20 au 30, jambo ambalo ni nadra sana kwa wanyama. Katika miaka ya 1980 Bibi Kristen Hawkes, pamoja na James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Waliona kwamba mabibi wazee walikuwa hodari kwelikweli wa kuchimba mizizi ya porini, mizizi ambayo mtoto mdogo hawezi kuichimba mwenyewe kwa ugumu wa ardhi. Mama akipata mtoto mchanga, yule mkubwa aliyeachishwa ziwa hutegemea kazi ya bibi yake. Bibi akichimba zaidi, mtoto huongeza uzito. Wataalamu hao wakatoa mawazo yao kwamba huenda ndiyo sababu mwanadamu huishi baada ya kuacha kuzaa: vizazi vya watoto vilipona kwa sababu bibi alikuwako, na hivyo maisha marefu yakaingia katika damu yetu. Wako wanaobishana nao juu ya hili au lile, kama ilivyo desturi ya elimu. Lakini kila mtu aliyelelewa na bibi ajua kwamba hawakuota.

Tazameni na nchi yetu. Ilipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa aliweza kutumaini, kwa wastani, miaka isiyofika 45. Leo hutumaini kupita 60. Hakuna aliyezibadili seli zetu katika muda huo. Tulichopata ni chanjo ya surua, chandarua, dawa, maji yaliyo safi kidogo, mkunga aliyesoma, na barabara ya kufika hospitali. Yaani wengine walisimama mlangoni, kama fuko wale, wakazuia mauti isiingie. Mzee wa miaka 80 hakujitengeneza mwenyewe. Ni kazi ya mikono mingi.

Kwa sababu hiyo twaona uchungu mkubwa kwa jambo moja ambalo wasomaji wetu walijua vema. Katika sehemu za nchi yetu, hasa mikoa ya Usukuma, akina mama wazee wengi wameuawa kwa mapanga, katika miaka mingi iliyopita, kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi alama iliyowahukumu ilikuwa macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko ambalo kwalo waliwapikia watoto na wajukuu. Nyuma ya ukatili huo lipo wazo moja: kwamba aliyeishi sana ameiba siku za wengine. Mtoto amekufa na bibi yuko hai. Basi bibi amemla. Tunasema wazi kwamba wazo hili ni uongo, na elimu ya viumbe yenyewe yalikanusha. Mbali na kula siku za mtoto, miaka ya bibi ni chakula cha mtoto. Anayemwua bibi huwafanyia wanawe mwenyewe kile ambacho majangili waliwafanyia ndama wa Tarangire.

Tangu utoto tumefundishwa amri ya nne, ambayo imefunga pamoja mambo mawili: heshima kwa baba na mama, na siku nyingi duniani. Huenda wengi wetu tuliifahamu kama malipo, kama mtoto apewavyo peremende kwa utii. Lakini yafaa kuiona pia kama maelezo ya jinsi dunia ilivyo. Mahali wazee wanapotunzwa, watoto hukua. Na watoto waliokua wakiona hivyo, nao huachwa wazeeke. Mahali mzee anapoonekana mzigo, hakuna aliye salama ila kwa muda wa nguvu zake.

Twajua pia kwamba wako matajiri katika nchi za nje wanaotoa fedha nyingi ili siri ya fuko na popo ipatikane, na mwanadamu aongezewe miaka. Kampuni ya Calico, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 kwa fedha za Google, iliwafuga fuko hao kwa ajili ya kazi hiyo. Hatuwalaumu kwa kutafuta. Ikiwa tembo na fuko watatufundisha kuizuia kansa, mama wengi watalia kwa furaha, nasi pamoja nao. Ila twawauliza, na kujiuliza sisi, kwamba miaka hiyo itakayoongezwa itakuwa ya nani. Mtu atakayeipata miaka 120 huku watoto wa wengine hawafiki mitano, amepata nini? Fuko hadumu peke yake katika tundu lake. Hudumu kwa sababu jamaa nzima huchimba. Ukimtamani umri wake, tamani na kazi yake.

Jibu letu basi ni hili. Umri mrefu si mali ya mtu mmoja. Kwa mwanzo wake ni wa wale waliomwacha aishi na waliomlinda. Kwa matunda yake ni wa wale wadogo wanaomtegemea. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuukata hana haki ya kuukata kwa sababu tu mkono wake wafika, awe na panga, au bunduki, au wavu. Na mwenye kuupata hana haki ya kuukalia kama bahili akaliavyo sanduku.

Twawaomba wasomaji wetu waanze na yaliyo karibu. Mwenye bibi nyumbani asimwache ale mwisho, wala asimhesabu kuwa ameisha kwa sababu hawezi tena jembe. Amwulize anayoyakumbuka, na watoto wasikie. Kijijini kukianza minong'ono juu ya kikongwe, baba wa familia asimame aseme hapana, kabla usiku haujaingia. Mvuvi wa delta na atazame mahali pa kutega jarife lake. Na sisi tunaokula alichovua tujue kwamba sehemu ya deni lake ni yetu. Haya yote ni madogo. Lakini nguva wa Rufiji, akiwa yuko aliyezaliwa mwaka huu, ana haja ya kuachwa usiku mmoja mmoja, kwa miaka sabini.